Sanduku la kufundishia Mesopotamia: linunue, lakini mto wake upandishe

Seti hii inatengenezwa na fundi seremala hapa Moshi, na inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule, Moshi na Arusha, kwa shilingi 185,000. Ndani kuna trei ya mbao ya sentimita 120 kwa 80 iliyovikwa bati, vilango sita vya maji, kilo tano za udongo wa mfinyanzi, vijiti kumi vya kuandikia, mihuri minne ya mviringo, kikombe cha kupimia posho, kadi 24 na bango la ukutani. Mbao ni kavu na bati limezibwa vizuri kwenye kona. Kwa mwalimu wa historia hiki ni kifaa cha maana, kwa sababu kinamfanya mwanafunzi ashike maji na udongo kwa mikono yake badala ya kukariri majina ya wafalme.

Kasoro kubwa iko kwenye trei. Fundi amechonga mto anaoujua: umezama bondeni kama mito ya Kilimanjaro, na trei ina mguu wa sentimita 8 upande mmoja ili maji yashuke kwa kasi. Mfongo wa Uchagani, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, unafanya kazi hivyo hasa. Unachukua maji juu, kwenye banio, unayatembeza pembeni mwa mlima, na shida yake ni mteremko mkali unaokula kingo. Kusini mwa Iraki, sehemu ya Mesopotamia ya kale, mambo ni kinyume. Ardhi ni tambarare, Tigris na Euphrates (Hidekeli na Frati za kwenye Biblia) zinabeba matope mengi, na matope hayo hutua kwenye sakafu ya mto na kingoni hadi mto unapita juu kuliko mashamba yanayouzunguka. Kuyatoa maji mtoni ni rahisi, unatoboa ukingo tu. Kazi iko kwenye kuyazuia. Tena mafuriko yao yalikuja Aprili na Mei, theluji ya milima ya kaskazini ikiyeyuka, wakati shayiri imeiva shambani. Mto Nile ulifurika kuanzia Julai, ukashuka kabla ya kupanda. Mwanafunzi asipoiona tofauti hii, hataelewa kwa nini Wasumeri, wenyeji wa kale wa huko, walihitaji mitaro, matuta na watu wa kuvisimamia mwaka mzima.

Marekebisho yanachukua saa moja. Ng'oa ule mguu, weka kipande cha mbao cha sentimita moja tu upande wa juu. Jaza trei kwa makopo matatu ya mchanga kwa kopo moja la mfinyanzi, kina cha sentimita 6, shindilia kwa mgongo wa kijiko chenye maji. Kisha jenga mto juu ya udongo huo, kati ya matuta mawili ya sentimita 4. Ukitumia mchanga mtupu, tuta linaporomoka dakika ya kwanza na maji yanazama. Mfinyanzi mtupu unapasuka ukikauka, na kipindi cha pili tuta linavuja kila mahali. Toboa tuta, weka kilango, chimba mtaro hadi shambani. Maji ya kumimina yakorogwe na konzi ya udongo laini, yamiminwe taratibu. Baada ya majagi machache mdomo wa mtaro unaanza kujaa matope na shamba la mwisho linakosa maji.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, na hapo ndipo pa kuuliza swali: nani atazibua? Watoto wa huku wanajua jibu la nyumbani, kwamba wanaotumia mfongo hutoka wote kuusafisha, na asiyetoka hana zamu ya maji. Mesopotamia palikuwa na msimamizi wa mifereji, kwa Kiakadi, lugha ya kale ya huko, gugallum, na wajibu wa mkulima kwa tuta lake uliandikwa kwenye sheria. Kadi namba 9 ya seti hii imenukuu vizuri sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli: aliyezembea tuta lake likabomoka na kuzamisha mashamba ya wenzake, alipe nafaka iliyopotea, akishindwa, yeye na mali yake wanauzwa. Ni sheria ya 53 na 54. Inakosekana kadi ya Umma na Lagash, miji jirani iliyopigana kwa vizazi kwa sababu ya mpaka wa shamba na maji yake. Iandike mwenyewe.

Vijiti vya kuandikia vimechongwa ncha kama penseli. Hivyo vinakwaruza, na mwandiko wa kabari, yaani maandishi ya Mesopotamia, haukukwaruzwa, uligandamizwa. Kata tete lililokauka, ncha iwe na kona ya mraba ya milimita 5, ilaze kidogo na ubonyeze. Kona inaacha kichwa cha kabari, ubavu unaacha mkia. Vibao vikaushwe kivulini siku tatu. Vikianikwa juani vinapinda na kupasuka. Havihitaji tanuri, hata vibao vingi vya kale vilikaushwa tu.

Kikombe cha posho ndicho kitu bora kuliko vyote humo. Kinapima sila moja, karibu lita moja, na kadi zake zinatumia viwango vya mji wa Uru wa karibu mwaka 2050 KK: kibarua mwanamume sila 60 za shayiri kwa mwezi, mwanamke kwa kawaida 30. Mpe mwanafunzi mmoja kibao, mwingine shayiri (mtama unafaa), wa tatu muhuri, uwaambie wawalipe vibarua ishirini. Kabla kipindi hakijaisha watakuwa wameona kwa nini maandishi ya mwanzo kabisa ya mji wa Uruk, karibu mwaka 3300 KK, mengi yake ni hesabu za ghala.

Bango halifai. Limemweka Hammurabi juu ya zigurati (mnara wa ngazi wa hekalu) ya Uru kana kwamba aliijenga. Zigurati hiyo ni ya mfalme Ur-Nammu, karibu mwaka 2100 KK, na Hammurabi alitawala Babeli kuanzia 1792 hadi 1750 KK. Lina pia mchoro wa piramidi ya matabaka ya watu wenye mfalme juu na watumwa chini, bila hekalu, ambalo lilimiliki mashamba, mifugo na karakana za kufumia, na bila waandishi waliohesabu vyote hivyo.

Kuhusu chumvi kadi inasema tu "ardhi ilichakaa". Weka udongo kwenye vifuniko viwili, kimoja kipate maji safi, kingine maji yenye kijiko cha chumvi, uvianike. Ukoko mweupe wa kifuniko cha pili ni kama ule wa magadi. Maji ya umwagiliaji yasipopata njia ya kutokea, yanapanda na kukauka, chumvi inabaki. Shayiri inaivumilia kuliko ngano, na kusini ndiyo iliyotawala mashamba.

Vilango vinashika kutu mapema, vipake rangi ya mafuta kabla ya kuvitumia. Na ukiagiza kwa fundi moja kwa moja, mwambie asichonge bonde wala asiweke mguu: trei bapa, kingo za sentimita 15. Ni kazi ndogo zaidi kwake, kwa hiyo bei ipungue.