Nguvu wamenipa, breki wameniachia Mungu

Naandika bado nina hasira so mnisamehe. Hii gereji iko hapa hapa Malindi, jina silitaji. Subaru yangu niliwapelekea baada ya Idi, kazi tatu: remapu, yaani kuipanga upya kompyuta ya injini ivute zaidi, kushusha springi, na rimu pana. Injini wameipatia, sitasema uongo, ukivuka daraja la Sabaki ukishika njia ya Mambrui tabo inavuta mpaka unajua kweli mtu alikaa na kompyuta akaifanyia kazi. Kwa hilo nilishawasifia kila baraza.

Sasa sikieni. Kama wiki mbili hivi baadaye natoka Kilifi na mamangu, alikuwa kliniki ya macho. Tunafika Gede, matuta haya hapa, nakanyaga breki, pedeli inashuka mpaka chini laini kama godoro. Nikapampu, nikapiga gia chini, nikavuta hendibreki pole pole, gari likasimama hatua chache tu nyuma ya tuktuk imejaa watoto wa shule. Kilichotuokoa ni kwamba breki zina njia mbili za mafuta, moja ikipasuka ile nyingine inashika kidogo. Mamangu hakusema neno, ameshika buibui lake mikono miwili anasoma dua.

Nikachutama pale tairi la mbele kushoto, mafuta ya breki yanachirizika ndani ya rimu. Ule mpira wa breki, bomba linalopeleka mafuta kwenye gurudumu, una kishikilio chake cha bolti, walikitoa wakibadilisha springi na hawakukirudisha, wakaufunga na zile kamba nyeupe za plastiki za kufungia waya! Rimu pana imeingia ndani, gari limeshuka, kila nikikata kona tairi linausugua, leo kidogo kesho kidogo, mpaka nyuzi za ndani zimechomoza kama mkeka uliofumuka. Na kuangalia hilo ni dakika tano, gari likae chini kwa uzito wake, geuza usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, uchungulie. Dakika tano!

Na mafuta yenyewe meusi kama kahawa tungu. Niliwaambia wayabadilishe, DOT 4, aina hiyo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki mpaka ipite digrii 230, ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155 hivi, na sisi tunaishi na hewa ya bahari, wakanijibu haina haja.

Nikapiga simu kwa mwenye gereji, kwa adabu, kaka hivi na hivi. Akanijibu, "Bosi, gari la spidi si la kubebea mamako." Wallahi nilinyamaza. Nimelipa pesa yote sikuomba kupunguziwa hata shilingi, halafu mamangu ndiye anayetajwa?

Yule fundi wake kijana alikuja mwenyewe magharibi na pikipiki, mpira mpya mkononi, akafunga kishikilio sawasawa, akatoa upepo kwenye breki mpaka pedeli ikasimama, akamwomba mamangu radhi, akampa shikamoo, pesa yangu akaikataa. Kwa hiyo siwezi kusema wote wabaya. Niliandika nyota tatu. Hapana, nimefuta, moja, kila nikiikumbuka ile simu. Kijana akifungua kwake namfuata siku hiyo hiyo.

Gari liko uani zima kabisa. Mamangu akitaka kwenda sokoni anaita tuktuk.