Kunikata pesa wananijua, kunifungulia hawanijui

Huduma yenyewe ya kuhifadhi faili mtandaoni sina ugomvi nayo. Nimeitumia miaka kadhaa, picha zangu zimekaa, nyaraka zangu za kazi zimekaa, na sijawahi kuamka nikakuta kitu kimepotea. Anayetaka kujua inabeba faili kiasi gani na inakubali simu zipi, hayo wameyaandika wenyewe kwenye ukurasa wao, akasome huko. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni yule msaidizi wa roboti waliyemweka mbele ya kila mteja mwenye shida.

Ilikuwa hivi. Nilibadilisha laini ya simu. Nikaingia kwenye akaunti yangu, nikaenda sehemu ya mawasiliano, nikafuta namba ya zamani, nikaweka mpya. Wakanitumia meseji kwenye hiyo namba mpya: hongera, taarifa zako zimesasishwa. Baada ya hapo matangazo yao yote yakawa yanakuja huko huko. Ofa za wikendi, salamu za sikukuu, kuniuliza kama ningependa kuongeza nafasi. Yaani namba mpya wanaijua vizuri sana.

Miezi ikapita. Jioni moja nikawa nafungua akaunti kwenye kompyuta nyingine, nikaambiwa kwa usalama wangu wametuma msimbo wa tarakimu sita kwenye namba inayoishia na tarakimu fulani. Tarakimu za laini ya zamani. Kumbe mfumo wao una namba mbili za mtu mmoja, ya matangazo na ya usalama, na nilipobadilisha moja hakuna aliyeniambia kuwa kuna dada yake imejificha kwenye ukurasa mwingine. Chini kidogo palikuwa na maandishi madogo: je, huna tena namba hii? Nikashukuru, nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa unaosema kwamba ili kubadilisha namba inabidi nithibitishe kuwa ni mimi, na kwamba wametuma msimbo. Wapi? Kwenye namba ileile.

Nilirudia, nikidhani nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya.

Basi nikaenda kwenye dirisha la msaada. Pale pembeni yule roboti ana picha ya mwanamke anayetabasamu, ana jina, na anakusalimia kwa uchangamfu wa mtu aliyelipwa vizuri. Nikamwandikia kwa ustaarabu kabisa kwamba siwezi kuingia kwa sababu msimbo unatumwa kwenye namba ambayo sina tena.

"Pole kwa usumbufu! Naona una tatizo la kuingia kwenye akaunti. Nimekutumia msimbo kwenye namba yako."

Namba hiyo sina, nikaandika.

"Pole kwa usumbufu! Je, umehakikisha kuwa simu yako ina mtandao?"

Simu ina mtandao. Laini ndiyo haipo.

"Vizuri! Kama hujapokea msimbo, ngoja kidogo kisha ubonyeze hapa kutuma tena."

Nikaomba kuongea na mtu. Na hapa naomba msomaji asikimbie, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike. Akajibu: "Naelewa ungependa kuongea na mtu. Kabla sijakuunganisha, tafadhali thibitisha kuwa ni wewe. Weka msimbo tuliokutumia."

Nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha. Ili niongee na binadamu kuhusu msimbo ambao siwezi kuupata, nilete kwanza ule msimbo.

Huu mtindo wa kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe si ujanja mpya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, profesa wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake iliyoitwa ELIZA. Ukiiandikia kwamba una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Haikuelewa kitu chochote, ilikuwa inageuzageuza sentensi tu, na Weizenbaum mwenyewe ndiye aliyekuwa anasema hivyo. Kilichomsumbua ni kuona watu wazima, waliojua fika kuwa ile ni mashine, wakiifungulia moyo. Sasa mimi mtaniambia huyu wa leo amesoma kuliko ELIZA, anaandika vizuri, hakosei herufi. Sawa. Lakini ELIZA hakuwa ameshikilia faili za mtu. Ukichoka naye unazima unaenda zako. Huyu nikimzima, nyaraka zangu zinabaki kwake.

Baadaye yule roboti akaja kuniomba risiti ya malipo ya zamani, kama njia nyingine ya kunitambua. Hapo nikapata matumaini. Nikaondoka kwenda kuitafuta kwenye barua pepe, si muda mrefu, muda wa mtu kutafuta karatasi. Niliporudi dirisha limefungwa, lina alama ya kijani ya vema, na limeandikwa: "Tatizo lako limetatuliwa! Asante kwa kuzungumza nami."

Limetatuliwa na nani, jamani?

Hilo neno moja lilinikera kuliko kufungiwa akaunti kwenyewe. Kufungiwa naweza kuelewa. Lakini kuna mahali, kwenye jedwali la mtu fulani, mimi nimehesabiwa kuwa mteja aliyesaidiwa. Na najua jinsi inavyokwenda: kwenye biashara hii ya huduma kwa wateja kuna kipimo cha mazungumzo yaliyoishia kwa mashine bila kufika kwa mhudumu. Kikipanda, kazi imekwenda vizuri. Aliyeondoka akiwa amepata alichotaka na aliyeondoka akitukana wanaweza kuingia safu ileile. Mimi nilikuwa nimeondoka nikitafuta risiti waliyoniomba wenyewe, na wakanihesabia ushindi wao.

Siku chache baadaye meseji ikaingia. Kwenye namba mpya, bila shaka. Malipo yako ya mwezi yamefanikiwa. Kukatwa pesa hakukuhitaji msimbo, wala risiti, wala kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.

Nikapiga simu. Menyu ya simu naijua, nimezeeka nazo, na niseme ukweli sizichukii zote. Ukitaka kuangalia salio au kujua kama malipo yamefika, sauti ya mashine inakumalizia upesi na hakuna wa kukuuliza habari za nyumbani. Kazi fupi yenye jibu moja, mwachie mashine, sina neno. Shida inaanza pale tatizo lako linapokuwa halipo kwenye orodha. Bonyeza moja kwa malipo, bonyeza mbili kwa ofa mpya, bonyeza tatu kusikiliza tena. Nikabonyeza sifuri, kama tulivyozoea wote. "Samahani, chaguo hilo halipo." Kila kitufe cha simu hutoa sauti mbili kwa pamoja, ya sifuri ni mitetemo 941 na 1336 kwa sekunde, na mashine upande wa pili huzitambua bila shida. Kwa hiyo ilinisikia vizuri kabisa. Iliagizwa tu isijali.

Nilipofanikiwa kupenya kupitia malipo, nikawekewa muziki. Simu yako ni muhimu kwetu. Wahudumu wetu wote wanahudumia wateja wengine kwa sasa. Muziki. Simu yako ni muhimu kwetu. Watu wengi hudhani foleni ya simu ni bahati mbaya, kama vile wateja wote wameamua kupiga saa ileile. Hapana. Tangu 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha kuwa simu zinazoingia zinaweza kupigiwa hesabu, na mpaka leo vituo vya huduma vinatumia kanuni zinazobeba jina lake kujua waajiri wahudumu wangapi ili mtu angoje muda gani. Maana yake kungoja kwangu kulijulikana. Kuna mtu aliona ile hesabu akasema muda huo unatosha, watavumilia. Simu ikakatika yenyewe wakati muziki unaendelea.

Mara nyingine nikaacha uungwana. Nikasikiliza menyu yote hadi mwisho, hadi chaguo la wanaotaka kusitisha huduma. Nikabonyeza hilo. Mtu akapokea kabla muziki haujaanza. Nawaambia wenzangu bila kuona haya: mlango wa binadamu wameuweka huko, kwa wanaoondoka. Wanaobaki wanapewa roboti.

Akapokea dada mmoja, sauti ya upole, akanisalimia akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nikajikuta sina wa kugombana naye. Akaniuliza mambo machache: malipo ya mwisho yalikuwa kiasi gani, nilifungua akaunti kwa barua pepe ipi, folda yangu ya kwanza niliiita nini. Akasema, "Pole sana kaka, tunalipata sana hili, zile namba mbili zinawachanganya wengi." Wanalipata sana! Akabadilisha namba ya usalama, akaniambia nijaribu nikiwa bado kwenye simu. Ikafunguka. Faili zote zipo, hata moja haikuguswa. Nilimshukuru mpaka nadhani alishangaa.

Kwa siku mbili tatu hivi nilikuwa nimeshawasamehe. Nikawaza labda nilikuwa nawaonea. Wezi wa akaunti wapo, kuna watu wanahamisha laini za wenzao kwa hila ili wapokee misimbo yao, na kampuni inayofungua akaunti kwa kila anayelia kwenye simu ni mbaya kuliko hii. Faili zangu zililindwa, hata dhidi yangu mwenyewe. Ningeandika uzoefu wangu wakati ule mngesoma sifa.

Ila sikuandika, kwa sababu nilikuwa nangoja pesa yangu. Nilisahau kusema: katikati ya yale mazungumzo, kabla ya risiti, yule roboti aliniandikia kwamba sitakatwa malipo kipindi ambacho akaunti imefungwa. Nina picha ya skrini. Nikawaandikia barua pepe nikaiambatanisha. Jibu lililokuja, na hili lilisainiwa na idara si mtu, lilisema msaidizi wa kidijitali hutoa maelezo ya jumla na maneno yake hayaifungi kampuni.

Damu ikapanda upya. Mwanamke mwenye picha, mwenye jina, mwenye tabasamu, aliyewekwa kwenye ukurasa wenu, akiongea kwa niaba yenu, leo hamumjui? Alipofunga tatizo langu akaweka alama ya kijani alikuwa wenu. Aliposema sitakatwa pesa amekuwa mpita njia. Utetezi huu ulishajaribiwa. Huko Kanada roboti ya shirika la ndege la Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa kuwa anaweza kudai punguzo la nauli baada ya kusafiri, kumbe sera ya shirika ilikuwa inakataza. Walipofika kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, shirika likadai kuwa roboti ile ni kitu kinachojitegemea na kinawajibika kwa matendo yake. Februari 2024 baraza likakataa: roboti ni sehemu ya tovuti, na mwenye tovuti anabeba yaliyoandikwa humo. Abiria akalipwa. Najua uamuzi wa Kanada haunisaidii mimi, na kiasi changu ni kidogo mno kwenda nacho mbele ya mtu yeyote. Niliwatajia hata hivyo. Wakajibu kwamba wamepokea maoni yangu.

Kwa hiyo nawashauri nini? Kama unatafuta mahali pa kuhifadhi faili na maisha yako hayabadiliki, laini ileile, kompyuta ileile, barua pepe ileile mpaka uzee, hii ni huduma nzuri, chukua. Ukishaichukua nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa usalama, siyo wa mawasiliano, uhakikishe namba iliyoko kule. Chapisha zile namba za dharura wanazotoa za kuingilia, ziweke kwenye karatasi. Ukiongea na roboti piga picha ya kila anachosema. Na ukipiga simu usipoteze muda na moja wala mbili wala sifuri, sema unaondoka.

Nakala za faili zangu zote nimezishusha kwenye diski ya nyumbani. Akaunti sijaifunga, maana nimeshalipia, nao pesa niliyokatwa hawajarudisha, na sioni kwa nini niwaachie vyote viwili.

Jana wameniletea fomu ya tathmini kwenye simu. Ina swali moja: je, umeridhika kiasi gani na msaidizi wetu wa kidijitali aliyetatua tatizo lako? Hakuna pa kuandika kwamba aliyetatua ni dada fulani upande wa wanaoondoka. Nilitaka kuweka nyota moja. Nikamfikiria yule dada nikapandisha hadi nne, nikakumbuka nyota zenyewe zitaandikwa kwa jina la roboti, nikashusha tena. Nimeacha mbili. Pengine kesho nitabadilisha, kama hawatanitaka msimbo.