Kushuka mto Yenisei kwa meli, tiketi ya daraja la tatu: uzoefu wangu

Wadau mnaosoma Krasnoyarsk huku Siberia, Urusi, kama mnapanga kupanda meli ya kushuka Yenisei likizo hii, jambo la kwanza ombeni kabini ya upande wa KULIA. Mimi dada wa tiketi aliniuliza nikamjibu popote sawa tu, aisee nilijuta, maana ukielekea kaskazini milima na miamba yote iko ukingo wa kulia, kushoto ni tambarare na miti, miti, miti, mpaka unasinzia.

Nilikata tiketi mpaka Igarka, mji wa kaskazini kabisa, zaidi ya km 1,700. Dudinka, mji wa mbele zaidi, nikaachana nayo, sisi wageni mpaka kibali maalum. Meli ni kikongwe cha miaka ya 50 kilichoundwa Ujerumani Mashariki, kabini ina joto, mzee wa kitanda cha chini anakoroma balaa, na msosi wa mgahawani bei yake ndo usiseme. Mtandao ukishaacha mji tu kwaheri.

Ila mto wenyewe jamani! Siku ile ile ya kwanza tukafika maporomoko ya Kazachinsky, hapo meli hazipishani, wa kupanda mto anasubiri wa kushuka apite, maji yanachemka meupe katikati ya mawe na meli inapindapinda kufuata maboya, mekundu kulia meupe kushoto, yaani boya limelazwa ubavu na mkondo hadi unaona tumbo lake. Zamani meli za kupanda zilivutwa hapo na tagi (meli ya kuvuta nyingine) iliyokuwa inajikokota kwa kamba ya chuma iliyolala chini mtoni, kwa hiyo msidhani natia chumvi.

Mbele mto Angara unaingia, Yenisei inatanuka, na vijiji vingi havina gati, meli inasimama katikati ya maji, vinakuja viboti vya injini vimejaa mabegi, watoto na mbwa, bibi mmoja anapanda ngazi huku ameshika kuku. Hapo nilikaa dekini masaa, kabini nikaisahau.

Igarka tulitia nanga saa sita usiku na jua bado lipo, maana kule juu kaskazini kiangazi halizami. Kurudi nilipanda ndege, meli ikipambana na mkondo inachukua siku nyingi zaidi, ila kumbe uwanja wa ndege uko kisiwani, ikabidi nipande tena boti. Begi langu lililowa lote.