Chemka: uzoefu wangu wa kuogelea mbali na bahari

Mtu aliyekulia Pangani akihamia Arusha, baridi ataizoea, machalari atayapenda, ila kukaa miezi na miezi bila kujitosa majini ni mtihani. Mabwawa ya hotelini yapo na ninayatumia, lakini mengi ni ya kupigia picha: hujakolea hata kidogo umeshagonga ukuta, na klorini inakuwasha macho hadi usiku. Nilichokuwa natafuta ni maji ya nje, yenye kina, yanayotembea, na mwishowe nikayapata kwenye chemchemi ya Chemka.

Huku maji ni ya kuchagua, asikudanganye mtu. Ziwa Duluti pale Tengeru linapendeza, ila watu huenda kupiga makasia na kutembea msituni. Ziwa Chala, kule Rombo mpakani na Kenya, rangi yake inakuita kabisa. Kina chake kinakaribia mita 90, kingo zake ni genge, na mwaka 2002 mamba alimuua binti wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea humo. Nyumba ya Mungu, lile bwawa la miaka ya 1960, ni la wavuvi, viboko na mamba. Mimi huko nanunua samaki tu. Kwenye maporomoko ya Materuni maji ni ya baridi kiasi kwamba unajimwagia, unapiga kelele, unatoka.

Halafu kuna malambo ya kunyweshea ng'ombe huko tambarare, ambayo watoto wanaogelea kila siku. Usiwaige. Maji yaliyotuama yenye majani na konokono ndiyo makazi ya kichocho. Vimelea vyake vinapenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi kitu, na hutoka kwa wingi jua likishapanda, saa zile zile mtu anapotamani maji. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini wengi hugundua wakishaanza kukojoa damu.

Kwa hiyo nimebaki na Chemka, wilaya ya Hai, ambayo wengine wanaiita Kikuletwa au Maji Moto. Kwa usafiri wa umma unapanda gari la Moshi–Arusha, unashuka Boma Ng'ombe, unachukua bodaboda au bajaji. Kuanzia hapo ni vumbi la kufa mtu. Unapita migunga, mbuzi na nyasi zilizokauka, unaanza kujiuliza kama dereva anaijua njia kweli, maana hakuna dalili yoyote kwamba mbele kuna maji. Patana bei ya kwenda na kurudi, na umlipe nusu tu. Wa kwangu nilimlipa yote, akaahidi kunisubiri, akapata abiria mwingine na simu akazima.

Ukifika unaingia kivulini ghafla. Mikuyu mikubwa imezunguka maji, mizizi yake imeshuka hadi ndani, na hiyo mizizi ndiyo ngazi zenu. Maji ni ya buluu inayoelekea kijani, na ukisimama kwenye mzizi unaona vidole vyako vya miguu kama vile hakuna maji kabisa. Si ya moto, ni vuguvugu la kukaa saa nzima bila kutetemeka. Ukitulia, samaki wadogo wanakuja kudonoa visigino. Siku moja mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi pembeni na miguu majini, kila wakimdonoa anacheka, anaitoa, anairudisha, na mjukuu wake anamwambia, "Bibi, wamekupenda!"

Kwa anayeogelea kweli kweli, nenda upande ambako maji yanatoka kwa nguvu. Unapiga mikono na bado uko palepale. Ni mazoezi ambayo bwawa la hoteli haliwezi kukupa. Kamba ya kurukia ipo pia, na vijana wanaionea fahari. Kabla ya kuachia hakikisha aliyetangulia ameshatoka chini yako, kwa sababu hakuna anayepanga foleni hapo.

Sasa kero. Jumamosi na Jumapili kuanzia saa tano ni vurugu: spika tatu zinapiga nyimbo tofauti, maji yanachafuka, chupa zinaelea. Mara zote nilizokwenda sikuona mwokoaji. Kina kinabadilika ghafla, na kwa kuwa maji ni angavu, unadhani chini ni karibu kumbe sivyo. Asiyejua kuogelea akodi boya na abaki kwenye mizizi. Kina dada wengi wanaingia na dera au kanga, hakuna anayewashangaa, lakini dera likilowa ni zito na linajisokota miguuni, kwa hiyo kwenye kina usiende nalo. Sehemu ya kubadilishia nguo ni ya kawaida sana. Tumbili nao wana mikono mirefu, mfuko wa chapati usiuache wazi.

Beba pesa taslimu na kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni si sawa. Beba pia maji ya kunywa. Haya ya chemchemi yanavutia, lakini maji mengi ya ukanda huu wa Meru na Kilimanjaro yana floraidi nyingi, ndiyo ile inayotia meno rangi ya kahawia. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya barabara. Vumbi likilowa linakuwa tope, na bodaboda inakuwa mchezo wa kuteleza.

Kinachonifurahisha mimi binafsi: mto Kikuletwa unaopokea maji haya unaingia Nyumba ya Mungu, na hapo ndipo Mto Pangani unapoanzia, kwenda kumwaga baharini kwetu. Nikiwaambia wenyeji wa Hai kwamba wananitumia maji nyumbani, wanacheka na kudai bili.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya mwokoaji na takataka. Siku za kazi, saa mbili asubuhi, unaweza kukuta maji yote ni yako na mzee mmoja anafagia majani. Ila Krismasi na Idi msinitafute huko.