Nililipa mimi, fundi akataka kuongea na papa: uzoefu wangu wa shimine ya kuni

Nianze na lile neno, maana limenikaa kooni kuliko moshi wenyewe: "Mama, munipe papa niongee naye."

Sebule imejaa moshi mpaka picha ya harusi ukutani haionekani. Wakwe wako uani wanapangusa macho. Mimi nimeshika simu kwa mkono mmoja, kitenge puani kwa mkono wa pili, na fundi wa shimine niliyemhesabia dola 800, noti safi zisizo na hata tundu la pini kama alivyotaka, ananiambia nimpe papa, yaani mume wangu. Papa yuko Kolwezi, mji mwingine kabisa! Alikuwa Kolwezi kabla shimine, lile jiko la moto ndani ya ukuta lenye bomba la moshi, haijachimbiwa msingi. Aliyechagua ni mimi, aliyebishana bei ni mimi, aliyewapikia vijana wake bukari na sombe, ugali na kisamvu, siku zote za kazi ni mimi. Siku ya kupokea pesa hakuuliza papa yuko wapi.

Wanaotoka Kinshasa wakisikia mtu wa Lubumbashi anajenga shimine wanacheka. Waje mwezi wa sita. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, mvua ikishakatika mbingu inabaki wazi, na joto lote la mchana linapaa usiku bila kuaga. Alfajiri baridi inashuka chini ya digrii 10, na ndani si tofauti sana na nje, kwa sababu nyumba zetu zilijengwa kwa kuogopa mvua: mabati juu, sementi chini, madirisha yanayofunga yakipenda.

Miaka yote dawa yetu ilikuwa mbabula, lile jiko dogo la kubebeka. Unawasha makala, yaani mkaa, nje, yakiwa mekundu unaibeba hadi chumbani na kufunga mlango. Makala mekundu hayana moshi, ndiyo maana tunayaamini, lakini yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo haimkohozi mtu, inamlaza tu. Baridi moja ya miaka ya nyuma mtoto wangu wa mwisho aliamka usiku anatapika, mimi kichwa kinagonga kama nyundo, na paka amelala mlangoni hataki kuamka. Tulifungua madirisha yote tukakaa nje kwenye blanketi hadi kuche. Paka alipona. Mimi nikaapa kwamba moto hautaingia tena nyumbani kwangu bila njia yake ya kutokea.

Hapo ndipo lilipoanza suala la kuchagua, na hapa nikiri ujinga wangu. Umeme niliutupa mapema. Wanaoishi hapa hawahitaji maelezo. Jiko la chuma lenye mlango wa kioo nililiona kwa mfanyabiashara anayeleta vitu kutoka Afrika Kusini kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa. Dogo, jeusi, baya kama sanduku la fundi viatu. Mwuzaji alinieleza vizuri kabisa: moto uliofungwa unakula hewa kidogo kidogo, chuma kinashika joto, na sehemu kubwa ya joto la kuni inabaki chumbani, wakati shimine ya wazi inapeleka karibu yote juu angani. Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikaenda kufanya kinyume.

Kwa nini? Kwa sababu shangazi yangu alikuwa anafagia katika nyumba moja ya wakubwa, zile za matofali mekundu chini ya miti ya jakaranda, na siku moja nilipokuwa mdogo alinipitisha jikoni nikachungulia sebuleni. Moto ulikuwa unawaka ndani ya ukuta. Ukutani, jamani, na hakuna aliyekuwa anauogopa. Miaka arobaini nimeubeba moto ule, halafu mtu aniuzie sanduku?

Fundi nilielekezwa na dada mmoja wa kanisani. Alikuja na simu imejaa picha za shimine za kila namna, nyingine zina theluji dirishani. Theluji! Nami sikushtuka. Niliuliza bei, niliuliza siku, niliuliza kama ataweza kunipangia mawe ya kijani ya malakiti juu ya mdomo wa shimine. Sikuuliza jambo moja tu: fundi, kati ya hizi, ni ipi uliyowahi kuwasha ukakaa mbele yake?

Kazi yenyewe sina ya kusema mengi. Matofali yalinyooka, wavulana walikuwa na adabu, malakiti ile ya kijani ilikaa pale kama mkufu. Siku ya kumaliza tuliwasha magazeti mawili, moshi ukapanda, tukapiga makofi. Magazeti mawili.

Wakwe walikuja Jumamosi ya baridi kali, kuzungumzia ndoa ya binti yangu. Nilikuwa nimepanga kila kitu: viti vimegeuzwa kuelekea shimine, madirisha yamefungwa, hata chini ya mlango nimeweka kitambaa ili upepo usiingie. Kuni nilinunua siku ileile kwa kijana wa baiskeli. Nikawasha. Dakika tano za kwanza zilikuwa tamu, na mjomba wa kijana anayemposa akanyoosha mikono akasema hapa ni Ulaya. Halafu upepo ukageuka huko nje, na moshi ukashuka. Haukuja kidogo kidogo. Ulitoka chini ya malakiti yangu kama ng'ombe wanaotoka zizini, mnene, mweupe, wenye kuuma, na kuni zikawa zinatoa povu kwenye ncha na kulia chiii kama nyama kwenye sufuria. Mjomba yule yule wa Ulaya, machozi yakimtiririka, akauliza: "Mama, hapa ni salon ao mahali pa kukaushia samaki?"

Ndipo nikapiga simu. Fundi, akiwa baa kwa jinsi muziki ulivyosikika, akaanza kwa upole: "Mama, moshi ingali natafuta njia. Muiache izoee." Moshi uzoee! Nikamwambia umeshaipata njia, inapita katikati ya sebule yangu. Akasema kuni zangu ni mbaya. Nikasema labda, lakini nilikuuliza kuni gani ninunue ukasema yoyote. Akasema nyumba yenyewe imekaa vibaya. Nyumba! Imekaa pale tangu kabla yeye hajazaliwa. Kisha akachoka nami na kutoa lile neno.

Lililoniuma zaidi likaja kesho yake. Sijui alipata wapi namba, lakini alimpigia mume wangu Kolwezi, wakaongea wanaume wawili kwa heshima, na jioni mume wangu akanipigia: "Mama Solange, fundi anasema unawasha vibaya." Mimi niliyewasha mbabula tangu nikiwa na miaka sita! Siku tatu sikupokea simu za Kolwezi.

Mnielewe: sisi ni watu wa shimine. Ile ya Gécamines, kampuni ya shaba, bomba la moshi la zaidi ya mita 150, imesimama kando ya mlima wa taka za tanuru, na kila mchoraji wa mjini ameichora. Mtoto wa Lubumbashi ukimpa kalamu anachora nyumba, mti na shimine. Halafu mji mzima huu nikose mtu mmoja anayejua kwa nini moshi unapanda?

Nilimpata nyuma ya ukuta wangu. Mzee jirani, mstaafu aliyefanya kazi kwenye tanuru, ambaye kwa miaka nilimjua tu kwa kuku wake wanaovuka. Alikuja na kipimo cha mkanda na kipande cha chaki. Alisimama uani akatazama juu ya mabati muda mrefu, hasemi kitu, kisha akacheka peke yake.

"Mwanangu," akasema, "shimine yako imejificha."

Bomba lilitoka upande wa chini wa paa, likachomoza sentimita arobaini tu, chini kabisa ya mgongo wa nyumba. Upepo ukija kutoka upande wa pili unaruka mgongo, unaanguka, unaingia kwenye bomba kama maji kwenye mtungi. Alinieleza kipimo wanachofuata wajenzi: bomba lizidi paa si chini ya sentimita 90 pale linapotokea, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu. Kisha akaingia ndani, akapima mdomo: mita moja upana, sentimita 90 kwenda juu. Akapenyeza mkono akapima bomba: 25 kwa 25. Akaandika kwa chaki kwenye sakafu yangu iliyopigwa nta, sikuthubutu kumkataza: 9,000 gawanya kwa 625. Inapita 14. "Bomba linatakiwa kuwa kama sehemu ya kumi ya mdomo," akasema. "Huyu fundi amempa mtu mdomo wa kiboko na koo la kuku."

Akachukua bati, akawasha moto mdogo, akaanza kuishusha ile bati taratibu kutoka juu ya mdomo. Moshi unatoka, unatoka. Sentimita kumi, bado. Ishirini, umepungua. Ishirini na tano, moshi ukajikunja kama umeitwa jina, ukaingia ndani wote. Nilipiga kelele hadi kuku wake wakakimbia. Hesabu mpya: mdomo sasa ni mita moja kwa 65, yaani 6,500, na kwa bomba lile inakuwa kumi na kitu.

Mengine aliyonionyesha ni madogo, lakini ndiyo yaliyonitia uchungu, kwa sababu hayagharimu kitu na fundi angeweza kuyasema siku ya kwanza. Bomba likiwa baridi, hewa iliyomo ni nzito. Choma kwanza gazeti lililosokotwa huku umeliinua juu kooni, hewa ipate joto. Kile kitambaa changu chini ya mlango ndicho kilichoniua: moto unavuta hewa, na nyumba ikizibwa kote utaivuta kupitia bomba lenyewe, pamoja na moshi. Na kuni, naam, kuni zangu kweli zilikuwa mbichi. Hapo fundi alikuwa sawa na inaniuma kuandika. Gonganisha mbili: kavu inalia kama ubao, mbichi inalia kama ndizi. Mti wa porini unataka kupasuliwa na kukaa chini ya paa miezi sita au mwaka, na moshi wa kuni mbichi unaacha lami bombani ambayo siku moja inaweza kuwaka yenyewe.

Na sementi. Matofali ya ndani aliyashikanisha kwa sementi ileile ya ukutani, ikaanza kupasuka wiki ya pili. Mzee alikwangua, akanituma kutafuta udongo wa kichuguu. Vichuguu hapa kwetu vinapita paa la nyumba, na matofali ya nusu ya mji yametoka humo. "Wakula shaba, wahunzi wa zamani wa huku, walijenga matanuru yao kwa udongo huu," akaniambia akiukanda, "wakayeyusha shaba kwa makala na mivukuto, wakamimina misalaba. Shaba inataka digrii 1,085. Wewe unataka kuota miguu." Udongo ule haujapasuka hadi leo.

Basi shimine nzuri ao mbaya? Nikiandika saa hizi, moto unawaka, mtoto anafanya kazi za shule chini kwenye mkeka, malakiti inameta, naona niwape nyota nne, matofali kweli yamenyooka. Lakini nikiamka kwenda chumbani nakutana na baridi ileile ya zamani mlangoni, maana joto la shimine ya wazi linaishia hatua tatu kutoka viti, na kuni zinakwenda kama chumvi kwenye mchuzi. Mwenye lile sanduku jeusi alisema kweli. Ningekuwa na akili ningelinunua. Nyota mbili. Nikikumbuka kwamba kupandisha bomba mistari sita ya matofali na kuweka bamba la shaba mahali pa ile bati vilitoka mfukoni mwangu tena, nyota moja, na hiyo ni ya vijana waliokula bukari wakasema aksanti. Fundi mwenyewe hana.

Ila moto ule ukutani... ndio ule. Ule niliouchungulia siku ile ya shangazi. Sijui nyota zake zinahesabiwaje.

(Ndoa iko mbioni, wanaouliza. Mjomba alirudi, akakaa mbali kidogo na shimine.)

Wiki iliyopita ao ile ya kabla, simu ikalia. Ni yeye, sauti imelainika kama mafuta ya mawese. Ana mteja mpya, mtu mkubwa, anataka kuona kwanza shimine inayowaka bila moshi, na katika zote alizojenga amesikia ni yangu tu. Je, mama, wanaweza kupita Jumamosi?

Nikamwambia ampigie papa, Kolwezi.