Gesti ya Kunming karibu na Cuihu: chukua chumba cha upande wa jua

Jamani watu wa Malindi mnaokwenda China kuchukua mzigo Guangzhou, kama mna siku za kupumzika pandeni Kunming. Nimelala na shangazi kwenye gesti ndogo jirani na bustani ya Cuihu mwezi wa Januari na wallahi nimeipenda.

Chumbani hakuna eisi wala feni, na hutaitaka, manake mji wenyewe uko kama mita 1,900 juu ya bahari, Julai wastani ni kama digrii 20 tu na Januari mchana inafika 15 hivi, afu milima ya kaskazini inavunja makali ya ile baridi inayotoka juu. Huku kwetu wakati huo kaskazi inavuma na bado usiku unageuza mto upande wa pili kwa jasho! Shangazi, ambaye joto humuumiza kichwa kila mwaka, alilala fofofo mpaka nikamwamsha alfajiri.

Ila chumba chagua vizuri. Majumba ya kule hayana mabomba ya kupasha joto kama ya Beijing, na usiku wa Januari inashuka mpaka digrii 3 au 4, kwa hiyo chumba cha upande wa kaskazini ni baridi mpaka kwenye mifupa. Ndicho tulichopewa kwanza. Dada wa mapokezi akatuhamisha bila maneno, akatandika na blanketi la umeme, na kile cha kusini asubuhi jua linaingia mpaka kitandani, shangazi anajifunga leso yake mabegani anakaa dirishani na chai ya Pu'er, hataki kutoka. Huyo dada kusikia Malindi tu akamtaja Zheng He, yule amiri wa meli za China zilizofika pwani yetu zamani, maana alizaliwa Kunyang huko huko kando ya ziwa Dianchi mwaka 1371, na twiga wa Malindi alifika kwa mfalme wa China 1415. Tukawa wageni wa heshima mashaallah.

Ukitoka nje ni bustani, na shakwe wanaotoka Siberia, wanakuja kila msimu wa baridi tangu 1985, wanakunyakulia mkate mkononi. Chakula halali kipo, Waislamu wa Kihui ni wengi, sisi tulikula tambi za mchele za mchuzi wa moto karibu na msikiti wa Shuncheng, tamu kweli.

Nimewakata nyota moja kwa sababu hakuna lifti na tulikuwa ghorofa ya nne, na kule juu hewa ni nyepesi, mtu mzima anapumzika kila ghorofa, waambieni mapema wawape ya chini. Mafuta ya jua bebeni, lile jua halina joto lakini linababua ngozi. Na mkienda Mei mpaka Oktoba ni mvua, mwavuli na sweta vikae kwenye begi la mkononi.