Morogoro hadi Bagamoyo kwa baiskeli usiku kucha: uzoefu wangu na safari ya klabu

Klabu hii ya baiskeli ya hapa Dodoma imefanya jambo la busara: haimkanyagishi mtu pedeli kutoka Dodoma hadi pwani. Baiskeli zinapakiwa kwenye Fuso, watu wanapanda Coaster, na wote wanashushwa Morogoro, kilometa kama 260 kutoka mjini kwetu. Kuendesha kunaanza huko saa mbili usiku. Morogoro hadi Chalinze ni kilometa 85 hivi, Chalinze hadi Msata 40, na Msata hadi Bagamoyo 64. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, ukijumlisha na vituo vya kupumzika, unaiona bahari kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Naipendekeza kwa moyo wote, lakini usalama na raha ya safari nzima vinaamuliwa na kile kipande cha kwanza.

Morogoro hadi Chalinze ni barabara ya malori ya Zambia na Kongo, na tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, usiku wake si mtulivu. Hapa klabu imejipanga vizuri kuliko nilivyotarajia. Waendeshaji wanagawanywa makundi madogo, mstari mmoja, nafasi ya urefu wa baiskeli moja kati ya mtu na mtu, na kila kundi lina gari lake la nyuma lenye taa za dharura. Gari hilo likae kama mita 50 nyuma ya kundi. Likibaki mita 200, dereva wa lori atalipita, ataona mbele kweupe, atarudi kushoto haraka na kuwakuta ninyi. Likiwa mgongoni kabisa, likigongwa linasukumwa juu yenu. Dereva wetu alilielewa hilo. Kabla ya kulipa, uliza dereva ni nani na kama amewahi kufuata baiskeli usiku. Ni swali muhimu kuliko la chakula.

Neno "lori!" linatoka nyuma kwenda mbele, "shimo!" linatoka mbele kwenda nyuma, na kila mmoja analirudia. Lori linapokupita, upepo wake unakusukuma nje kwanza, kisha unakuvuta ndani. Legeza viwiko, shika usukani bila kuukaba, wala usifunge breki. Malori mawili yakipishana sambamba na kundi, shukeni wote kwenye bega la barabara. Kwenye rasta (matuta madogo yaliyopangwa kukatiza barabara) inuka kidogo kwenye siti. Mtikisiko wake ndio unaolegeza skrubu za taa na kuangusha chupa za maji, na chupa iliyoanguka mbele ya gurudumu la mwenzako ni ajali.

Taa ya mbele iwe na lumeni (kipimo cha mwanga) zisizopungua 400, na uhesabu saa kumi za giza, siyo zile saa mbili zilizoandikwa kwenye boksi kwa mwanga mkali. Powabenki ya mAh 10,000 inatosha kwa taa na simu. Nyuma funga taa nyekundu mbili, zote ziwake bila kumeta. Ya kumeta abaki nayo mtu wa mwisho tu, maana inamuumiza macho anayekufuata. Fulana ya kuakisi mwanga ni ya lazima, lakini mikanda ya kuakisi ya vifundoni inafanya kazi kubwa zaidi: inapanda na kushuka na pedeli, dereva akiwa mbali anajua huyu ni mtu wa baiskeli. Gari la mbele likikupiga taa kali, macho yahamie kwenye mstari mweupe wa kushoto.

Kuhusu pancha, wengi wanalaumu barabara wakati chanzo wametoka nacho nyumbani. Mbigili za Dodoma huingia kwenye mpira zikakatika, ncha ikabaki ndani, na tyubu ikaanza kuvuja taratibu baada ya kilometa nyingi. Usiku wa kabla ya safari toa upepo wote, zungusha tairi chini ya mwanga, chokoa kila kidoa kwa ncha ya bisibisi ndogo, kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi. Kikinasa mahali, kuna mwiba. Njiani adui ni tofauti: vijiwaya vya tairi za malori zilizopasuka, vimejaa begani. Hivyo havionekani usiku, na kidole kinavikosa. Vitoe kwa koleo ndogo la nyusi. Beba tyubu mbili za saizi yako, viraka, solusheni ambayo haijakauka, na pampu. Gari la klabu lilikuwa na tyubu za inchi 26 tele na za saizi ya 700, za magurudumu makubwa membamba, chache mno. Hilo warekebishe.

Maji: nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Sisi tumezoea hewa kavu ambayo jasho hukauka lenyewe. Ukishuka kuelekea pwani unyevu unaongezeka, jasho linabaki mwilini na joto halitoki, kwa hiyo kunywa kabla ya kiu na tia pakiti moja ya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi, si kwenye nusu lita. Kula kidogo kila baada ya nusu saa. Ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, zabibu kavu na karanga zenye chumvi vinakwenda vizuri. Pale Chalinze klabu ilitoa wali na nyama saa saba usiku, na nadhani si sahihi. Tumbo zito na usingizi vinafika pamoja. Supu na chapati moja ingetosha, kisha chai ya tangawizi.

Chalinze hadi Msata kuna vilima vya hapa na pale kupitia Lugoba, na magari hupungua ukishapinda kuelekea Bagamoyo. Kipande hicho cha mwisho ndicho zawadi. Kunapambazuka karibu na Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi. Lakini jua linachomoza usoni pako, na dereva anayekuja nyuma linampofusha vilevile, kwa hiyo usizime taa ya nyuma hadi jua lipande. Usizembee pia muda: upepo wa baharini huanza kuvuma asubuhi ikishakomaa, na kwa msimu wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, utakukabili uso kwa uso.

Lawama yangu kubwa ni kwenye tangazo. Klabu inachagua mbalamwezi, na ni sawa, mwezi mpevu unakaa angani usiku kucha. Ila tangazo linaahidi kuogelea mkifika. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani bahari hujaa sana na kupwa sana: maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Mnafika bahari ikiwa imerudi mbali, mbele yenu matope na mchanga wa mawimbi. Maji yanarudi kujaa saa kumi jioni, na Coaster ilipangwa kuondoka saa nane mchana. Ama wafike na kulala, waogelee jioni na kurudi kesho yake, ama waseme ukweli kwenye tangazo.

Tarehe nayo iangaliwe. Mvua za Dodoma zikiisha Aprili, watu wanadhani Mei ni kiangazi kila mahali, kumbe masika ya pwani bado yanaendelea. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya safari hii.

Wakati wa kupakia kurudi, toa pedeli (ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kuelekea mkono wa saa), weka kartoni kati ya fremu na fremu, na upande wenye cheni na gia usiegemee kitu. Ukifika nyumbani osha chumvi kwa maji yasiyo ya chumvi bila presha kwenye ekseli, kausha, kisha pitisha oili kwenye cheni siku hiyohiyo.